Mwenyewe yuko Namanga, samaki wako Nairobi: Pampu ya kujitengenezea inayotia dozi bila kusahau

NA MWANDISHI WETU, Nairobi

Ilikuwa siku ya sita dada yangu akiwa Namanga. Lori lake la mchele lilikuwa limesimama upande wa Tanzania, karatasi moja haijakamilika, na yeye yuko nyumba ya wageni akihesabu gharama ya kila siku ambayo gari halitembei. Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua hali hiyo na hawahitaji kuelezwa. Lakini mzigo uliomnyima usingizi usiku ule haukuwa mchele. Walikuwa samaki.

Nyumbani kwake Nairobi kuna tangi la kioo lenye lita 600 za maji ya chumvi. Humo hukaa samaki wa mapambo wa baharini, kangaja wa buluu, vitatange na wengineo, ambao huwanunua kwa wauzaji wenye leseni katika Pwani ya Kenya. Huwatunza wiki mbili au tatu mpaka wazoee chakula na maisha ya ndani ya kioo, kisha huwauza kwa hoteli, kliniki na watu wenye matangi majumbani. Mchele ndiyo biashara kubwa. Samaki ni biashara ya kuziba pengo mchele unapokwama. Wiki hiyo vyote viwili vilikwama pamoja.

Kijana anayemsaidia nyumbani alipiga simu saa tatu usiku.

“Mama, samaki wamepanda juu, wanahema.”

“Dozi ulikuwa unaweka kila asubuhi?”

Kimya kidogo. “Pole, mama. Nilisahau tangu ulipoondoka.”

“Basi nenda dukani sasa hivi, nunua magadi soda, uweke.”

Kijana akaitikia, akatoka mbio. Alinunua magadi, akaponda, akakoroga na maji, kisha akamimina dozi ya siku zote sita kwa mkupuo mmoja, akiamini anafidia kosa lake. Kulipopambazuka, samaki tisa walikuwa wamekufa.

Makala haya yanahusu kifaa kidogo tulichotengeneza baada ya asubuhi ile: pampu inayotia dozi yenyewe, kwa saa zilizopangwa, mwenye mali akiwepo au asiwepo. Ni makala pia ya jinsi kifaa chenyewe kilivyotukosea mara ya kwanza, na tulichobadilisha ili kisitukosee tena kwa kiasi kile.

Maji yana akiba, na akiba huisha

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kinachobaki kikioza huongeza nyingine. Amonia ni sumu. Katika bahari huyeyuka na kupotea. Ndani ya tangi haina pa kwenda. Ndiyo maana kila tangi lina chujio lenye bakteria ambao huibadilisha amonia kuwa naitraiti, kisha kuwa naitreti, ambayo samaki wengi huivumilia.

Kazi hiyo ina gharama. Bakteria wanapoishughulikia amonia hutengeneza asidi, na asidi hiyo hula akiba ya alkali iliyomo majini. Akiba hiyo ndiyo inayoshikilia pH isianguke. Wafugaji wa samaki wa mapambo huipima kwa digrii za KH, na maji ya kawaida ya bahari huwa na digrii 7 hivi. Ikishuka sana, pH nayo hushuka, na bakteria wenyewe hupunguza kasi. Amonia iliyokuwa ikimalizwa kila siku huanza kubaki.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa dada. Siku mbili kabla hajasafiri alikuwa amepokea samaki wapya kutoka Pwani. Chakula kiliongezeka na uchafu ukaongezeka, lakini bakteria walikuwa bado wa kiwango cha zamani. Kwa siku sita bila dozi, KH ilishuka kutoka 7 hadi 4, na pH ikafika 7.6.

Hapo msomaji atauliza: kama tatizo lilikuwa ukosefu wa dozi, kwa nini samaki wafe baada ya dozi kuwekwa?

Jibu liko kwenye amonia. Ndani ya maji hukaa kwa sura mbili: moja ina sumu kali, nyingine si kali sana. Kinachoamua ni pH. pH ikipanda kwa kipimo kimoja, mathalani kutoka 7.5 hadi 8.5, sehemu yenye sumu kali huongezeka karibu mara kumi, ingawa jumla ya amonia haijabadilika hata chembe. Kijana alikuwa amefundishwa kupima, na alipima kabla na baada. Kabla ilikuwa 7.6. Saa moja baada ya kumimina ilikuwa 8.5. Amonia iliyokuwa imelala iliamka yote usiku mmoja.

Kumbe kukosa dozi kwa siku sita kulikuwa kunawadhoofisha samaki taratibu. Kilichowaua ni kulipa deni lote kwa mara moja.

Jina moja, bidhaa mbili

Kuna kosa la pili, na hili ni letu sote tunaovuka mipaka.

Sisi tumezaliwa Tanga. Nyumbani kwetu, “magadi soda” ni ule unga mweupe laini unaowekwa kwenye maandazi na keki, yaani baking soda. Kijana ni mzaliwa wa Machakos. Kwake yeye magadi ni yale mabonge ya kijivu yanayouzwa sokoni kwa ajili ya kulainishia maharage na mboga za kienyeji. Dada aliagiza kwa Kiswahili cha Tanga, kijana akanunua kwa Kiswahili cha Machakos. Wote wawili walisema kweli.

Magadi ya mabonge hutokana na maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa. Ziwa Magadi liko Kajiado, upande wa Kenya, na Ziwa Natron liko ng’ambo tu ya mpaka, upande wa Tanzania. Magadi ya Kajiado yamechimbwa kibiashara kwa zaidi ya miaka 100. Lakini hayo ni mchanganyiko wa baikaboneti na kaboneti ya sodiamu, pamoja na floraidi na uchafu mwingine wa asili. Ile kaboneti ndiyo inayorusha pH juu kwa ghafla. Baking soda ni baikaboneti peke yake. Maji yake huwa na pH ya 8.3 hivi, karibu sawa na bahari yenyewe, kwa hiyo husukuma pH kwa upole.

Kwa kuwa wengi wetu hununua na kuagiza bidhaa hizi kwa simu, tuzitenganishe mara moja:

Baking soda ni unga wa kuokea usio na kitu kingine ndani yake. Huu ndio unaotakiwa.

Baking powder ni unga huo huo uliochanganywa na asidi na wanga. Usiuweke kwenye tangi.

Magadi ya sokoni, kama tulivyoona, yana kaboneti na floraidi. Yaache kwenye maharage.

Soda ash ni kaboneti iliyosafishwa. Wapo mafundi wazoefu wanaoitumia kwa vipimo vidogo sana, lakini si ya mtu anayeanza.

Kostiki soda ni ya kutengenezea sabuni. Huunguza ngozi na macho, na itaua kila kilichomo majini. Usiihifadhi hata karibu na vifaa vya samaki.

Tangu siku ile, dada haagizi tena kwa jina. Hutuma picha ya pakiti.

Dozi ni hesabu, si kukisia

Kabla ya kutengeneza mashine yoyote ilibidi tujue itie kiasi gani. Wanaofuga samaki kwa mfumo wa kuzungusha maji wana kanuni rahisi: kwa kila kilo moja ya chakula kinacholiwa, weka takriban robo kilo ya baking soda.

Dada hulisha gramu 30 kwa siku. Robo ya gramu 30 ni gramu 7.5, sawa na kijiko cha chai kimoja na nusu. Katika lita 600, kiasi hicho hupandisha KH kwa digrii 0.4 hivi, kiasi ambacho bakteria wanakaribia kukila kwa siku moja. Kinachoingia kinalingana na kinachotoka.

Kanuni ni mahali pa kuanzia tu. Ukweli unatoka kwenye kipimo. Kit ya matone ya KH si ghali: unaweka maji ya tangi kwenye kichupa, unadondosha tone moja moja huku ukihesabu, mpaka rangi igeuke. Katika kit nyingi za bei nafuu, tone moja ni digrii moja. Pima siku ya kwanza, pima tena baada ya siku tatu. Ikiwa imeshuka, ongeza dozi kidogo. Ikiwa imepanda, punguza. Lengo ni 7 hadi 9, na isiyumbe.

Unga hauwezi kupita kwenye pampu, kwa hiyo huyeyushwa. Tunatumia gramu 50 kwa kila lita ya maji yaliyochujwa. Kiasi hicho huyeyuka chote bila kuacha masimbi chini ya chupa. Gramu 7.5 zinakuwa mililita 150 kwa siku.

Hadi hapo, hata mtu mwenye kikombe cha vipimo angeweza. Tatizo ni lile lile: mtu husahau, husafiri, huugua, na akikumbuka hutaka kufidia.

Pampu ya kwanza, na usiku uliotufundisha

Pampu inayofaa kazi hii ni ile ya kubana mrija. Ndani yake kuna magurudumu madogo yanayozunguka na kukandamiza mrija laini, yakisukuma maji mbele kama mtu anayekamua dawa ya meno. Maji hayagusi chuma wala mota. Aina hiyo hiyo ndiyo inayosukuma damu katika mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo. Ndogo zake, za volti 12, huuzwa na maduka ya vifaa vya elektroniki. Tuliipata Luthuli Avenue, hapa Nairobi. Wasomaji wa Dar es Salaam wataanzia Kariakoo.

Mimi nilitaka kufanya jambo la kisasa. Nilinunua Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta iliyobuniwa Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi, pamoja na rilei ya bei rahisi ya kuwasha na kuzima pampu. Nikaandika programu: kila saa, washa kwa sekunde saba na nusu, zima. Hiyo ilikuwa zaidi kidogo ya mililita sita, mara 24 kwa siku. Ili dada asisumbuke kujaza mara kwa mara, nikaweka dumu la lita tano, la kumtosha mwezi mzima.

Kwa siku tatu ilifanya kazi vizuri mno. Tulikaa mbele yake kama watu wanaotazama mpira.

Usiku wa nne pampu iliwaka na haikuzima. Kwa saa moja na nusu ilikamua dumu zima ndani ya tangi. Asubuhi maji yalikuwa na ukungu mweupe, hita imevaa gamba la chokaa, na KH ilisoma 19. Kilichookoa samaki ni kwamba safari hii ndani ya dumu mlikuwa na baking soda halisi, iliyo pole, na maji hayakuwa na amonia. Tulibadilisha maji mara tatu katika siku mbili. Hakufa hata mmoja, lakini chumvi ya kutengenezea maji mapya ilituchoma mfuko.

Nilirudi Luthuli na bodi yangu mkononi. Fundi aliipima dakika mbili.

“Boss, programu yako iko sawa,” akasema. “Ilisema zima. Rilei ndiyo ilikataa.”

Akanionyesha. Kila mota inapozimwa hurusha cheche ndogo, na kwenye rilei hafifu cheche hizo huweza kuyeyusha ncha za chuma na kuzishikanisha. Zikishashikana, umeme unapita tu, kompyuta iseme isiseme. Angenifungia dayodi ya kumeza cheche, na rilei bora zaidi. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: “Na hii ingine pia ikishika?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiuliza kama mashine itafanya kazi. Sikuwa nimejiuliza, ikikosea, itachukua kiasi gani.

Dada alipoelezwa alicheka. Yeye hilo analijua miaka mingi. Hapakizi mtaji wote kwenye lori moja. Si kwa sababu hamwamini dereva, bali kwa sababu lori linaweza kupinduka na dereva akiwa mwema.

Pampu ya pili: chupa ndiyo bima

Hesabu ilifanywa upya, safari hii kwa kuanzia kwenye hasara. Chupa ya lita moja yenye gramu 50 ikimwagika yote kwa lita 600 hupandisha KH kwa digrii 2.8. Kutoka 7 inafika karibu 10. Samaki wataistahimili. Chupa hiyo hiyo, kwa mililita 150 kwa siku, inatosha siku sita na kubakiza kidogo. Basi dumu likaondolewa, chupa ya lita moja ikachukua nafasi yake. Kujaza kila siku ya sita ni usumbufu kidogo, na usumbufu huo ndiyo bei ya bima.

Bodi nayo tuliiweka kando. Tulichukua taima ya kidijitali ya kuchomeka kwenye soketi, ile ambayo watu huitumia kuwasha taa za ukumbi, na adapta ya volti 12. Taima nyingi za aina hiyo haziwezi kuwasha kitu kwa muda ulio chini ya dakika moja, na kwetu hiyo haikuwa shida. Pampu yetu hutoa mililita 50 kwa dakika. Dakika moja mara tatu kwa siku ni mililita 150 kamili: saa 6 mchana, saa 2 usiku na saa 10 alfajiri. Kila dozi hupandisha KH kwa kama digrii 0.14, badiliko ambalo samaki hawalihisi.

Kwa anayetaka kutengeneza yake, hatua ni hizi.

Kwanza, pima pampu yako mwenyewe, usiamini maandishi ya kwenye boksi. Iwashe kwa taima hiyo hiyo utakayotumia, mara kumi, na ukusanye maji yote kwenye chombo chenye alama za mililita. Chupa ya mtoto inafaa. Gawanya kwa kumi. Ikitoka 40 badala ya 50, badilisha idadi ya dozi au nguvu ya mchanganyiko, si matumaini yako.

Pili, weka chupa chini kuliko usawa wa maji ya tangi. Chupa ikiwa juu na mrija ukilegea kwa uchakavu, maji yatashuka yenyewe bila pampu, kama mafuta yanavyovutwa kwa mpira kutoka kwenye tangi la gari.

Tatu, ncha ya mrija wa kutolea iwe juu ya maji, isizame. Ikizama, maji ya tangi nayo yanaweza kurudi kwenye chupa na kumwagika sakafuni. Dozi idondoke kutoka hewani.

Nne, idondokee mahali penye mkondo mkali, karibu na pampu ya kuzungusha maji, mbali na samaki wanapolala.

Tano, weka adapta na taima juu, mahali ambapo maji hayafiki, na uache waya uning’inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likifuata waya lianguke kabla ya kufika kwenye umeme. Maji ya chumvi na umeme wa nyumbani havifanyiwi mzaha. Fundi umeme akikuwekea swichi inayokata umeme unapovuja, umelinda watu, si samaki tu.

Sita, nunua taima yenye betri ndogo ndani. Umeme ukikatika, saa yake inaendelea. Taima za kuzungusha kwa mkono husimama umeme ukikatika, na baada ya wiki dozi ya mchana inakuja usiku. Dozi moja ikikosekana kwa sababu ya giza, iache. Usiifidie.

Saba, mrija huchakaa kwa kukandamizwa. Rudia kipimo cha kwanza kila mwezi, safisha ncha inapoganda unga, na badilisha mrija mara unapoona kiasi kinapungua.

Vifaa vyote kwa pamoja havikufika bei ya samaki wawili kati ya wale tisa.

Kwa anayewaza biashara

Baadhi ya jirani zetu sokoni wameshauliza kama kifaa hiki kinaweza kuuzwa Arusha au Kampala. Kinaweza, lakini tusijidanganye forodhani. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Pampu iliyotoka China haigeuki kuwa ya Kenya kwa kufungiwa chupa na mrija. Itangaze kama ilivyo na ubebe risiti zake.

Kwa upande wa viumbe hai, uangalifu uwe mkubwa zaidi. Matumbawe ya mawe, kome wakubwa wa baharini na farasi-bahari wamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na hawavuki mpaka wowote wa kimataifa bila kibali, hata ikiwa ni kipande kimoja ndani ya mfuko. Katika hifadhi za bahari za Kenya kama Malindi, Watamu na Kisite hakuna anayeruhusiwa kukusanya samaki. Muulize muuzaji leseni yake kabla hujamuuliza bei. Mzigo uliokamatwa hauokolewi na pampu.

Mistari sita

Jambo la mwisho tuliloongeza halikugharimu kitu. Kwa kalamu ya wino mzito tulichora mistari sita kwenye chupa, mililita 150 kati ya mmoja na mwingine. Kila asubuhi maji yanapaswa kuwa yameshuka mstari mmoja. Yakishuka miwili, pampu inatia kupita kiasi. Yasiposhuka, imesimama. Hakuna haja ya kujua umeme wala kemia, macho yanatosha.

Kazi ya kijana imebadilika. Hachanganyi dozi ya kila siku tena, na hakuna anayemlaumu kwa kusahau. Kila asubuhi hupiga picha ya chupa na kuituma. Mara mbili kwa wiki hupima KH na kuandika namba kwenye daftari linaloning’inia kando ya tangi. Chupa huijaza siku ya sita kwa unga uliopimwa tayari na dada, gramu 50 katika kila mfuko mdogo, ili pasiwe na kukisia wala kununua kwa jina.

Mwezi uliopita dada alikuwa Namanga tena. Nilimsindikiza. Foleni ilikuwa ndefu, na tulilala. Kabla ya kuzima taa alipiga simu nyumbani.

“Iko mstari wa ngapi?”

“Wa nne, mama. KH ni nane.”

“Haya. Nenda kalale.”

Kisha akanigeukia na kuanza kuzungumzia mchele.